Jembe Lililopelekwa Chuoni

Ngenge, Muleba
11 Februari 2024

Shangazi Kokuberwa,

Shikamoo. Natumaini uvimbe wa mguu umepungua na kwamba hupandi tena juu ya kiti kutafuta vitabu. Huku tu wazima. Mama anashinda bondeni kwenye mpunga, na yule mbuzi uliyesema ni tasa amezaa pacha, kwa hiyo Mama anakusalimia kwa namna ya pekee. Mimi bado najitolea kufundisha hesabu hapa sekondari, tangu nilipomaliza kidato cha sita mwaka jana.

Uliniambia kwamba simu ni ya salamu na misiba, na anayetaka jambo aliandike ili alisikie mwenyewe kwanza. Haya, naandika. Nataka kusoma uhandisi wa maada: chuma, udongo wa kuchoma, kioo, plastiki, kwa nini kimoja hupinda na kingine hukatika. Nimeliandika, nimelisoma, na bado nalitaka.

Baba amekubali. Tatizo limeanzia hapo. Amempata wakala, Bwana Kyaruzi, anayepeleka vijana vyuo vya nje. Tulimfuata Muleba mjini, akafungua kompyuta, akatuonyesha jengo la vioo na vijana wanaocheka kwenye nyasi. Shahada ya maada, miaka mitatu, mwaka wa kwanza kwa mtandao. Niliuliza maabara iko wapi. Akasema, "Kila kitu kipo, dada." Baba aliuliza swali moja tu: "Kuna theluji?" Alipoambiwa ipo, mazungumzo yakawa yamekwisha, akapita sokoni kuninunulia sweta. Jumapili iliyofuata Mchungaji akatangaza kwamba familia ya Ta Rwekaza, yaani sisi, itatoa sadaka ya shukrani mwezi wa nane kwa sababu binti yao amepata chuo Ulaya. Watu walipiga makofi. Mimi hata kuomba sijaomba.

Vipo vyuo vya hapa nchini vinavyofundisha jambo hilohilo. Baba hataki kuvisikia. Nisaidie: mtu anajuaje kwamba chuo kina thamani ya ada yake? Sitaki cha bei nafuu kwa sababu tu ni nafuu, wala cha ghali ili Baba apate la kusema msibani.

Na wewe, kabla ya ualimu, ulitaka kusoma nini? Baba ananiambia nikuulize, halafu anacheka.

Mwanao,
Kemilembe


Bilele, Bukoba
3 Machi 2024

Kemilembe mwanangu,

Marahaba. Mguu uko vilevile na kiti napanda. Mbuzi mpe hongera zangu. Nilikosea, na mama yako aendelee kufurahi. Hapa mvua imeangusha migomba nyuma ya nyumba, nimegawa ndizi hadi majirani wameanza kunikwepa. Barua yako imeletwa na Mwinjilisti wenu, ambaye aliikabidhi kisha akakaa kama mtu anayesubiri jibu, kumbe alikuwa anasubiri chai.

Sasa tulia nikueleze, na usiruke mistari kama walivyokuwa wakifanya wanafunzi wangu wa kemia.

Mtu akienda sokoni kununua chungu, haanzi na bei. Anakigonga kwa kidole asikie mlio, anakitazama ndani, anapitisha mkono ukingoni, ndipo anauliza. Chuo, ambacho ni ghali kuliko vyungu vyote vya Kagera, watu wanakinunua kwa picha. Ada si bei ya chuo. Bei ya chuo ni ada, na chumba, na chakula, na nauli, na miaka yako ya ujana. Halafu vyote hivyo uvilinganishe na kile utakachoweza kufanya kwa mikono yako siku ya kutoka. Chuo cha ada ndogo ambacho tanuru lake limegeuzwa stoo ya viti ni ghali mno. Chuo cha ada kubwa kisicho na tanuru kabisa ni wizi wenye muhuri.

Kwa nini nasema tanuru? Kwa sababu elimu unayoitaka haisomwi kwa macho peke yake. Chuma ni kama ugali: maji na unga ni vilevile, lakini moto na mkono ndivyo vinavyoamua kama utaliwa au utatupwa. Mwanafunzi wa maada anahitaji tanuru la kupasha, mashine ya kuvuta chuma hadi kikatike, na hadubini ya kutazama punje zilizomo ndani yake. Lakini usiwaulize kama wana maabara. Wote watasema wanayo. Waulize swali ambalo mtu hawezi kulijibu bila kuingia humo.

Kwa hiyo tafuta kitu cha chuma kilichovunjika wakati hakikupaswa kuvunjika. Niletee vipande. Viwili nitavituma kwa posta kwenye vyuo viwili vya hapa nchini, na kimoja mpe huyo Kyaruzi wako akipeleke kwenye theluji. Kila kipande kiende na barua yako, kwa jina lako, yenye swali moja: hiki kimevunjika kwa nini? Anwani ya majibu nitaandika sanduku la posta la baba yako. Barua ya binti hupitia kwa mzazi wake, na sitaki isemwe kwamba nilikufundisha njia za uani.

Chuo kitakachojibu, hicho ndicho tutakachokiuliza mengine: Tume ya Vyuo inakitambua? Bodi ya Wahandisi inaikubali shahada yake? Mkopo wa serikali unafika hapo? Waliohitimu wako wapi sasa, kwa majina? Lakini tuanze na chuma.

Mwambie baba yako kwamba nilimbeba mgongoni alipougua surua, kwa hiyo nina haki ya kutopiga makofi.

Shangazi yako,
Kokuberwa


Ngenge
21 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo tena, na pole na kusubiri. Maji yalimeza barabara, na Mwinjilisti alikwama ng'ambo akila kwa waumini wa wenzake. Mama anaumwa mgongo. Wale pacha wamekula kitabu cha hesabu cha shule, na mkuu wa shule anadhani natania.

Vipande hivi ni vya jembe. Mama alikuwa analima ukingo wa jaruba la mpunga, akagonga kajiwe kadogo, likakatika kama biskuti. Halikuwa limemaliza hata msimu. Tazama pale lilipokatika: punje zinang'aa kama sukari. Mwaka huu majembe ya namna hii yamewakatikia wengi hapa. Wanaambiwa ni ugumu wa udongo wetu, nao wanauomba msamaha udongo na kununua jingine.

Kyaruzi nimempa chake.

"Hiki ni nini?"

"Ni swali langu kwa chuo."

"Dada, chuo kinataka cheti na malipo ya awali. Hakitaki chuma chakavu."

"Basi waandike kwamba hawakitaki, nione mwandiko wao."

Alikifunga kwenye leso kama mtu aliyeokota panya, akakitia mfukoni. Baba hakuwepo.

Usiniulize jembe ni la nani wala limetoka wapi. Limevunjika, inatosha. Na mimi nitaendelea kuuliza nililouliza kuhusu wewe, kwa sababu hukunijibu.

Mwanao,
Kemilembe


Bilele
12 Mei 2024

Kemilembe,

Marahaba. Mama yako akandwe mgongo kwa maji ya moto na asiiname kwa wiki moja. Najua hatasikia, lakini mwambie. Vipande viwili vimeondoka kwa rejista, na barua zako nimeziacha kama ulivyoziandika. Zilikuwa fupi. Vizuri.

Kesho yake nilikipeleka kipande kidogo kilichobaki kwenye duka la vifaa la Mzee Umedbhai, lile ambalo baba yako alikuwa akinunua bidhaa za duka lake kabla hajaanza kwenda kwingine. Mzee hasikii vizuri siku hizi. Mkewe Kantaben ndiye anayekaa kaunta. Alikigeuza mara moja tu.

"Mwalimu waitu, nani amekupa takataka hii? Rangi ya kijani, mstari mwekundu?"

"Unaijua?"

"Walituletea gari zima mwaka jana, bei ya kutupa. Mzee akachukua moja, akaligonga hapa sakafuni, pa! Vipande. Akamwambia dereva, rudisha. Mimi nimezaliwa Bukoba na nikifa nitachomwa Bukoba, wateja wanapajua nyumbani kwangu."

"Na lile gari likaenda wapi?"

"Ah, Mwalimu. Mimi nauza misumari."

Akaingia stoo, akatoka na jembe la zamani lenye vumbi, la mwisho katika shehena yake. Hakutaka kulipwa. Nakuletea hilo kwa mkono wa Mwinjilisti. Ligonge kwenye jiwe lilelile lililovunja la kwanza, utazame linavyofanya, ndipo utaelewa kitabu chochote utakachopewa baadaye.

Uliniomba nisiulize, na sijauliza. Lakini anwani ya majibu nilikwishaiandika, na posta hairudishi.

Shangazi


Ngenge
7 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mama amepona na amerudi bondeni. Salamu zangu zinaishia hapo leo, nisamehe.

Sasa najua kwamba ulijua. Jembe lilitoka dukani kwa Baba. Mengine yananing'inia pale ukuta mzima, kijani na mstari mwekundu.

Jibu la kwanza lilifika Alhamisi. Baba alichukua bahasha posta, akaona muhuri wa chuo kikuu, akadhani ni Ulaya. Akaifungulia dukani mbele ya wateja na kuanza kusoma kwa sauti ile yake ya Jumapili. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Ndugu Kemilembe Rwekaza. Tumekipokea kipande chako. Tumekikata, tukakisugua, tukakitazama kwa hadubini. Chuma chenyewe si kibaya. Kilipashwa moto kupita kiasi hadi punje zake zikakua, kikazimishwa majini ghafla, kisha hakikurudishiwa moto mdogo wa kukilegeza. Ndiyo maana kimekuwa kigumu na chepesi kukatika kama kioo. Lawama si ya udongo wala ya mkulima. Jembe la namna hii halifai ku..."

Hapo alishusha karatasi.

"Ta Rwekaza, endelea waitu," mama mmoja akasema. "Halifai kufanya nini?"

Alikunja karatasi akawauzia chumvi. Aliponikabidhi jioni nilisoma yaliyobaki: halifai kuuzwa. Na chini, kwa kalamu: "Picha ya punje nimeiambatanisha. Mna mengine? Njoo nayo. Dk. Benigna."

Baba alinisubiri nimalize.

"Umenipeleka maabara."

"Nimepeleka jembe, Baba."

"Jembe langu!"

"Ndilo lililokuwa mkononi mwa Mama."

"Ningejuaje? Niliambiwa ni imara, nikanunua kama mtu yeyote."

"Najua hukujua. Sasa unajua."

Tangu hapo haongei nami. Majembe bado yananing'inia.

Chuo cha pili cha nchini kimejibu vizuri kuhusu ada na mabweni; kuhusu kipande hakuna neno. Cha Kyaruzi kimeandika hivi: "Hongera! Umechaguliwa! Thibitisha nafasi yako kwa malipo." Nimeuliza kwa nini jembe limekatika, nikajibiwa kwamba nimechaguliwa.

Kupitia kwa Mama, Baba amesema kwamba tarehe 25 Agosti nitasimama naye kanisani. Nimemjibu kupitia kwa Mama kwamba nitasimama. Hakuuliza nitasimama kusema nini.

Na wewe hujanijibu bado. Mara ya tatu hii.

Kemilembe


Bilele
18 Julai 2024

Kemilembe mwanangu,

Marahaba. Nimepokea barua yako leo asubuhi, nimeenda kwenye simu mchana, naandika jioni. Kwa hiyo mguu wangu sitautaja.

Nimezungumza na Dk. Benigna. Nilimuuliza tanuru lao likoje. Badala ya kulisifu alilalamika: umeme ulikatika asubuhi hiyo likiwa katikati ya kazi, sampuli za wanafunzi zikaharibika, fundi wa kubadilisha waya zake anatoka mbali. Alilalamika hadi nikakaa chini. Mwanangu, anayelalamikia tanuru ana tanuru.

Nilimuuliza ubaya wa chuo chake akautaja bila kusitasita. Hadubini nzuri wanayo moja tu, kwa zamu. Maktaba ni ndogo. Ni mbali na Kagera na bweni lina kunguni kila mwezi wa tatu. Halafu nikauliza waliohitimu wako wapi, akanitajia majina: mmoja mgodini, mmoja kiwanda cha saruji, wawili wameanza karakana yao. Nilimpigia mmoja wa hao wawili. Alikuwa anapiga kelele kwa sababu ya mashine, nikafurahi. Darasa lao ni dogo, kwa hiyo kila mtu anashika vyombo. Tume inakitambua, Bodi inaikubali shahada, mkopo unaombwa kama kawaida. Ada ni ndogo kuliko ile ya theluji kwa namna ambayo ukimwonyesha baba yako atakasirika zaidi, kwa hiyo usimwonyeshe sasa. Hicho cha Kyaruzi niliwauliza Tume. Jina hilo hawakulikuta kwao.

Dirisha la maombi limefunguliwa. Omba leo. Usingoje baraka, usingoje Agosti, usingoje baba yako aongee.

Tarehe 25 utasimama peke yako, maana mguu hauniruhusu kufika. Usimtukane baba yako. Wala usimwombe radhi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na watu wa ukoo wetu wana tabia ya kuyachanganya.

Shangazi yako,
Kokuberwa


Ngenge
27 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima, na utaona kwa nini nasema sote.

Jumapili Baba alivaa suti ya harusi yake. Mimi nilibeba jembe la Kantaben, nimelifunga kwenye kitenge. Baba alidhani ni mkungu mdogo wa ndizi, au alijifanya. Mchungaji akatuita mbele. Baba akaanza: "Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya binti yetu Kemilembe, ambaye..." Akanitazama. Akasogea pembeni. "Aseme mwenyewe."

Nikasema: "Siendi Ulaya. Nimeomba chuo cha hapa nchini chenye tanuru linalowaka. Naenda kusoma kwa nini majembe yenu yanakatika. Mmeambiwa ni udongo. Si udongo." Nikafungua kitenge, nikaliweka jembe kwenye meza ya sadaka, juu ya mayai ya watu kidogo tu.

Hakuna aliyepiga makofi. Baba alirudi kukaa, mimi nikakaa kando yake, tukaimba wimbo wa mwisho kutoka kitabu kimoja, bila kutazamana.

Ibada ilipokwisha tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka. Mzee wa kanisa Rutaihwa aliuza kuku, akauza kahawa, akauza mikungu ya ndizi, kisha akaliinua jembe. Akaligonga kwenye ngazi ya kanisa kwa nguvu zote. Likalia, likabaki zima. Watu wakasema eee!

Mtu mmoja akataja bei. Sauti nyuma ikapandisha. Ilikuwa ya Baba.

"Ta Rwekaza!" Rutaihwa akasema. "Si una ukuta mzima wa majembe dukani?"

Wakacheka, Shangazi, hadi watoto wa shule ya Jumapili wakatoka nje kuangalia.

"Sina," Baba akasema. "Nimeyashusha jana."

"Umeyashusha, uyapeleke wapi?"

"Aliyevunjikiwa na jembe langu alete kipande dukani nimfidie. Na wewe endesha mnada, usiendeshe mdomo."

Kila aliyetaja bei, yeye alipandisha, hadi wakachoka kumchokoza wakanyamaza. Alilichukua jembe akampa Mama hapohapo, mbele ya watu. Njiani alitangulia. Tulipofika langoni ndipo akageuka.

"Huko chuoni kwako hakuna theluji?"

"Hakuna, Baba."

"Basi sweta la nini. Liache."

Mwanao,
Kemilembe


Chuoni
17 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo kutoka mbali. Nimefika salama, ninalala kitanda cha juu, kunguni hawajaanza. Mbuzi wako tasa ana mimba tena, Mama ameniagiza nikuandikie hilo kwanza.

Siku ya safari Baba aliniletea gunia kituoni. Zito, limeshonwa mdomo. Nikauliza ni nini. "Mwalimu wako aliuliza kama tuna mengine," akasema. "Haya ndiyo mengine." Akamwambia kondakta ni mzigo wa chuo, uwekwe mahali pazuri. Dk. Benigna alipolifungua alicheka kwa sauti, akasema tutayarudishia moto moja baada ya jingine hadi tujue kiasi gani kinatosha kuyaponya.

Siku ya kwanza karakana, mtunza stoo aliniambia nikae mezani niandike majina ya wanaoingia, kwa sababu glovu zilizopo ni za mikono ya wanaume. Nilimwambia majina ataandika yeye. Mimi nitasimama hapo hadi glovu zipatikane. Zimepatikana Ijumaa.

Siulizi tena swali langu. Natamani tu ulijibu.

Kemilembe


Bilele
1 Desemba 2024

Kemilembe mwanangu,

Marahaba. Senene zimeanguka jana, Bilele nzima imejaa watu na vikopo. Zako nimezikaanga, zitakuja. Kantaben anakusalimia na anauliza kama majembe yakipona mtamuuzia.

Nilitaka kusoma hilohilo unalolisoma. Nilipata alama, nikaambiwa tanuru si mahali pa msichana, na baba yako akiwa mdogo aliyasikia hayo mezani na kucheka kwa sababu wakubwa walicheka. Nikaenda kufundisha kemia, nikawafundisha wasichana wengi, na sijutii hata mmoja. Kwa hiyo usinihurumie. Niandikie mlifikisha joto gani mlipolirudishia moto jembe la kwanza, na lilifanyaje mlipoligonga. Namba kamili, usikadirie.

Mguu umenyooka. Mwezi wa pili nakuja kuliona hilo tanuru. Mwambie huyo mtunza stoo atafute jozi nyingine ya glovu.

Shangazi yako,
Kokuberwa